Kifuniko cha Tangi la Maji Moto: Tuchague Kipi?



Katika mkutano mmoja wa matawi, wajumbe wa kiwanda cha nguo walileta swali ambalo mwanzoni liliwachekesha baadhi ya watu. Walisema kuwa kifuniko cha tangi moja la kutia rangi kimeoza, meneja amekubali kinunuliwe kingine, naye amewataka wajumbe wapendekeze cha namna gani. Basi wakauliza: tuchague kipi?

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akajibu, "Kifuniko ni kifuniko. Hata sufuria ya nyumbani inacho." Watu wakacheka. Lakini ndugu aliyeleta swali hakucheka. Alikunja suruali yake mpaka gotini, akatuonyesha mguu. Ngozi yote, kutoka kifundoni mpaka chini ya goti, ilikuwa kovu moja lililokunjamana. Alikuwa amepita juu ya kifuniko kile kile akibeba robota, ubao ukavunjika, mguu ukazama katika maji ya rangi. Wenzake walimvuta mara moja. Hata hivyo alilala hospitali muda mrefu, na mpaka leo hawezi kusimama zamu nzima.

Mkutano ulinyamaza. Tangu siku hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili vizuri katika ukurasa huu, maana matangi ya moto hayako katika viwanda vya nguo peke yake. Yako katika viwanda vya sukari, ambako maji ya miwa hupashwa mpaka karibu na kuchemka. Yako katika viwanda vya sabuni, katika viwanda vya ngozi, na katika machinjio ambako wanyama hunyonyolewa kwa maji moto. Hata jiko la kambi ya shambani, lenye pipa kubwa la uji au la maji ya chai, ni mahali pa kuangaliwa.

KAZI TATU ZA KIFUNIKO

Kifuniko cha tangi la moto kina kazi tatu. Ya kwanza ni kumzuia mtu asitumbukie. Ya pili ni kuzuia mvuke na joto visitoroke. Ya tatu, ambayo husahauliwa mara nyingi, ni kufunguka na kufungika bila kumdhuru anayekishika.

Kifuniko kinachofanya moja tu kati ya kazi hizo ni nusu ya kifuniko, na wakati mwingine nusu ya kifuniko ni mbaya kuliko tangi lililo wazi. Kwa nini? Kwa sababu tangi lililo wazi kila mtu huliona na kulikwepa. Lakini likifunikwa kwa kifuniko kibovu, watu hulizoea. Huweka ndoo juu yake, hukalia ukingo wakati wa kupumzika, hulifanya njia ya mkato kati ya mashine na mashine. Kifuniko kinawaambia, "Piteni, ni salama," na kumbe kinasema uongo.

Ili tuelewe ukubwa wa hatari, tuangalie jinsi maji moto yanavyounguza. Maji ya nyuzi 50 humuunguza vibaya mtu mzima akikaa ndani yake kwa dakika 5 hivi. Yakifika nyuzi 60, sekunde 5 hivi zinatosha. Yakifika nyuzi 70, ni sekunde moja hivi. Sasa, tangi la kutia rangi nguo za pamba huwa kati ya nyuzi 60 na kuchemka, kwa kadiri ya aina ya rangi. Hakuna mtu anayeweza kutumbukia mpaka kifuani na kupanda tena katika sekunde moja. Kwa hiyo tusitegemee wepesi wa mtu kujiokoa, wala wepesi wa wenzake. Tutegemee kifuniko.

KUPIMA: PIMENI TANGI, SI KIFUNIKO CHA ZAMANI

Kosa la kwanza tuliloliona ni kuchukua kifuniko cha zamani, kukipima, na kumpa fundi vipimo vyake. Kifuniko kilichopigwa na mvuke kwa miaka mingi kimejikunja na kusinyaa. Ukinakili vipimo vyake, umenakili na ubovu wake. Pimeni tangi lenyewe, wakati limepoa na limetolewa maji.

Kama tangi ni la mstatili, pimeni urefu na upana kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Kisha pimeni kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili za msalaba. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, tangi limenyooka. Vikitofautiana, tangi limekaa upande, na fundi aambiwe kabla hajakata chuma. Kama tangi ni la mviringo, pimeni upana wake mara mbili, kwa mistari inayokatana katikati, maana mapipa mengi ya zamani yamebonyea, hayana tena mviringo kamili.

Ongezeni sentimita 5 kila upande ili kifuniko kipite ukingo na kukaa juu yake. Kifuniko kinachotoshea ndani ya mdomo wa tangi ni cha hatari, kwa sababu kikiteleza kidogo tu kinaingia ndani, pamoja na mtu aliye juu yake. Andikeni pia mahali mabomba yanapopita, mahali pa kutilia rangi au dawa, na upande ambao watu husimama. Hayo ndiyo mambo anayoyajua mfanyakazi wa tangi hilo, si karani wa ununuzi ofisini.

KITENGENEZWE KWA KITU GANI?

Mbao. Ubao mzito, kama wa mvule, hauchukui joto upesi, na seremala wa hapa anaweza kuutengeneza. Lakini mbao zina adui mmoja, nao ni mvuke. Upande wa chini hulowa na kuvimba, upande wa juu hukauka na kupasuka. Uozo huanzia chini, mahali macho hayafiki. Ndivyo ulivyovunjika ubao ule wa ndugu yetu. Kwa juu ulionekana mzima. Anayechagua mbao akubali kuzigeuza na kuzikagua kila mwezi, kuzigonga kwa nyundo na kusikiliza. Ubao mzima hulia kwa sauti kali, ubao uliooza hulia kama boga.

Chuma cha kawaida. Kina nguvu, lakini ni kizito na hushika kutu. Bati la chuma la unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 23 na nusu kwa kila mita moja ya mraba. Tangi la mita 2 za mraba litataka kifuniko cha kilo 47 kabla ya kutia mishikio na bawaba. Huo ni mzigo wa kuvunja mgongo ukinyanyuliwa mara 20 kwa zamu moja. Ni afadhali bati jembamba zaidi, lililochomelewa vyuma vya pembe kwa chini ili kulipa nguvu, na likigawanywa vipande viwili.

Chuma kisichoshika kutu. Hiki ndicho kizuri kuliko vyote kwa rangi, kwa sukari na kwa sabuni, nacho ndicho ghali kuliko vyote. Mwajiri atalalamikia bei. Mwambieni ahesabu ni mara ngapi amenunua kifuniko cha mbao katika miaka 10 iliyopita.

Aluminiamu. Ni nyepesi sana. Bati la milimita 3 lina kilo 8 tu kwa mita ya mraba. Kwa maji matupu inafaa. Lakini sikilizeni vizuri ndugu wa viwanda vya sabuni, na wote wanaotumia kostiki soda: aluminiamu na kostiki soda havikai pamoja hata kidogo. Kostiki soda hula aluminiamu, na katika kuila hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto kwa cheche moja. Bati la mabati ya kuezekea nalo halifai hapo, maana zinki iliyopakwa juu yake huliwa vile vile.

Plastiki. Kuna plastiki za namna nyingi, na tofauti zake haziwezi kuonekana kwa macho. Ile ya mabomba ya maji huanza kulainika karibu na nyuzi 80. Iitwayo polipropilini huvumilia mpaka karibu nyuzi 100. Msikubali plastiki yoyote mpaka muuzaji ameandika katika karatasi inavumilia joto kiasi gani na inabeba uzito kiasi gani.

Mipira ya kuelea. Viwanda vingine hutumia mipira mitupu ya plastiki inayoelea juu ya maji na kuyafunika sehemu 9 kati ya 10. Inapunguza mvuke kweli, na nguo au vyuma hupita katikati yake bila kufungua kitu. Lakini hiyo inafanya kazi moja tu kati ya zile tatu. Mtu akitumbukia, mipira itamfungulia njia kama maji yenyewe. Penye mipira lazima pawe na ukuta au wavu wa kumzuia mtu.

KIFUNIKO CHA HOTELINI

Wajumbe wale wa kiwanda cha nguo walituambia pia kwamba karani wa ununuzi alikuwa ameona kifuniko cha bei nafuu kilichotolewa katika hoteli ya watalii. Ni kifuniko cha beseni kubwa la maji moto ambamo wageni hukaa kujipumzisha. Tulikwenda kukitazama. Ndani ni povu gumu la plastiki lililofungwa kwa nailoni, nje kuna ngozi ya plastiki. Ni chepesi, kimeshonwa vizuri, na kinazuia joto. Je, kinafaa kiwandani?

Hakifai. Maji ya beseni la kuogea hayaruhusiwi kupita nyuzi 40 hivi, maana mtu anakaa ndani yake. Povu lile limetengenezwa kwa joto hilo. Ukiliweka juu ya maji yanayokaribia kuchemka litalainika na kubonyea, na mshono utaachia.

Hata hivyo kifuniko hicho kina mafundisho mawili kwetu. La kwanza linahusu maji yanayoingia ndani. Wenye mabeseni hayo wanajua kuwa nailoni ya ndani ikitoboka, mvuke huingia katika povu na kubaki humo. Kifuniko kilichokuwa kikinyanyuliwa kwa mkono mmoja huwa kizito, na hakizuii joto tena. Jambo hilo hilo hutokea kiwandani kwa vifuniko vya bati mbili vilivyojazwa pamba ya kioo katikati. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia; pamba ikilowa, faida yake imekwisha. Tena fanyeni hesabu ya uzito. Kifuniko cha mita moja kwa mita moja na sentimita 20, chenye unene wa sentimita 5, kina nafasi ya lita 60 ndani. Nusu ya nafasi hiyo ikijaa maji, mmeongeza kilo 30. Kwa hiyo, kifuniko kikianza kuwa kizito kuliko zamani, msiseme tumezeeka. Kifuniko kimekunywa maji, na wakati wa kukibadilisha umefika.

La pili ni hili. Huko Marekani kuna kanuni iliyotolewa mwaka 1991 kuhusu vifuniko vya usalama vya mabwawa ya kuogelea na mabeseni hayo. Inataka kifuniko kiweze kubeba uzito wa zaidi ya kilo 100, ili mtoto au mtu mzima akikikanyaga kwa bahati mbaya asizame. Ikiwa muogaji anawekewa ulinzi huo juu ya maji ya nyuzi 40, kwa nini mfanyakazi aliye juu ya maji ya nyuzi 80 apewe ubao uliooza?

KUJARIBU NGUVU YAKE

Kifuniko kipya kisipokelewe kwa macho tu. Tangi likiwa tupu na limepoa, kiwekeni mahali pake, kisha pangeni katikati yake magunia matatu ya mchanga ya kilo 50 kila moja. Yaacheni kwa nusu saa. Kifuniko kisipasuke, kisiteleze, wala kisibaki kimebonyea magunia yakishaondolewa. Msimjaribie mtu, hata kama anajitolea kwa mzaha. Na baada ya jaribio kupita, andikeni juu ya kifuniko kwa rangi nyekundu: USIKANYAGE. Nguvu ile ni ya kuokoa mtu siku ya ajali, si ruhusa ya kutembea juu yake.

Pale ambapo tangi lazima lifunguliwe mara nyingi, ombeni na wavu wa vyuma ufungwe chini ya kifuniko, wenye matundu ya kutosha kumimina rangi lakini yasiyopitisha mguu. Hapo hata kifuniko kikiwa wazi, mtu akiteleza ataangukia wavu.

ANAYEFUNGUA ASIUNGUE

Mtazameni mpishi mzoefu anavyofunua sufuria ya ubwabwa. Hainyanyui kifuniko juu moja kwa moja na kuinamia ndani. Huanza kuinua upande wa mbali, na kifuniko chenyewe kinakuwa ngao kati ya uso wake na mvuke. Kifuniko cha tangi nacho kitengenezwe kwa akili hiyo. Bawaba ziwe upande anaosimama mfanyakazi, mdomo ufunguke upande wa pili, na kifuniko kivutwe kwa mnyororo au kwa mpini mrefu. Kama mahali hapafai kwa njia hiyo, kigawanywe vipande viwili ili afungue kile kidogo tu anachohitaji.

Kifuniko kizito kiwekewe jiwe la mizani kwa nyuma, ili nguvu ya mkono mmoja itoshe. Kiwekewe pia kishikio cha kukizuia kisijifunge chenyewe. Vidole vingi vimekatika kwa kifuniko kilichoanguka. Mishikio ivikwe mbao au mpira, maana chuma kilicho juu ya mvuke huunguza kama pasi.

Jambo jingine: kifuniko kisizibe kabisa. Tangi linalochemka lazima liwe na bomba la kutolea mvuke, tena mvuke huo upelekwe nje ya jengo, usipulizwe usoni mwa watu. Tangi lililozibwa kabisa huku moto unawaka chini hugeuka boila lisilo na vali.

TUZUNGUMZE NA MWAJIRI KWA HESABU

Waajiri wengine husikia vizuri zaidi neno kuni kuliko neno kuungua. Basi tuwaambie kwa lugha hiyo.

Sehemu kubwa ya joto la tangi lililo wazi hutoroka pamoja na mvuke. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara 6 kuliko kuipasha lita hiyo kutoka nyuzi 20 mpaka kuchemka. Mnaweza kupima wenyewe. Siku ambayo tangi liko wazi na halitiwi wala kutolewa kitu, wekeni alama ya maji kwenye kijiti cha kupimia, mngoje saa moja, mpime tena. Katika tangi lenye uso wa mita 2 za mraba, kila milimita 5 zilizopungua ni lita 10 zilizopaa hewani. Kwa makadirio yetu, kurudisha joto la lita 10 hizo kunataka kilo 2 na nusu hivi za kuni kavu katika boila la kawaida. Kiwanda kinachofanya kazi saa 16 kwa siku kimechoma kilo 40 za kuni ili kupasha moto dari. Hilo ni tangi moja tu.

Wajumbe wakiingia ofisini na hesabu waliyoipima wenyewe, si rahisi meneja kusema kuwa wanaleta siasa. Lakini tusijidanganye. Kama kifuniko kingekuwa hakiokoi hata kijiti kimoja cha kuni, bado tungekidai. Mguu wa mtu hauwekwi kwenye mizani pamoja na kuni.

SHERIA INASEMAJE?

Wazo la kufunika matangi ya hatari si jipya. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilitamka kwamba chombo chenye maji ya kuunguza, au kitu cha kula ngozi, au sumu, kama ukingo wake uko chini ya futi 3 kutoka sakafuni, lazima kifunikwe imara au kizungushiwe kizuizi cha futi 3. Sheria za viwanda zilizoletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni zilifuata mfano huo. Futi 3 ni sentimita 90 na zaidi kidogo, yaani kama kiunoni mwa mtu. Kila mjumbe anaweza kulipima tangi lake leo kwa mwili wake: kama ukingo uko chini ya kiuno na hakuna kifuniko wala kizuizi, hapo pana jambo la kuzungumza.

Siku hizi tuna sheria zetu. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ni ya mwaka 2003, ya Uganda ni ya 2006, ya Kenya ni ya 2007. Zote zinamtwika mwajiri mzigo wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Kule Kenya, penye wafanyakazi 20 au zaidi mwajiri lazima aunde kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wana wajumbe ndani yake. Na mwezi Juni 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani ulitia mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na ile haki ya kuunda vyama.

Mkataba wa shirika hilo namba 155, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo mkisikia kuwa bei ya kifuniko itakatwa katika mishahara ya wale "waliovunja" cha zamani, msinyamaze. Mwiteni katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja kabla ya kubomoa cha zamani. Katika viwanda vya miaka mingi, kamba au ubao mweupe uliozungushwa ukingoni mwa tangi unaweza kuwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta kansa baada ya miaka mingi. Msiukwangue, msiuvunje, wala msiufagie. Simamisheni kazi hiyo mpaka mkaguzi au fundi anayejua ameuangalia.

MTU AKIUNGUA

Hata penye kifuniko kizuri ajali hutokea. Mtoeni mwenzenu kwenye moto, vueni nguo zilizolowa isipokuwa zilizoganda ngozini, na mmwagilieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia. Msimpake mafuta, yai, wala dawa ya meno. Mfunikeni kwa kitambaa safi, kisha hospitali. Bomba la maji baridi liwe karibu na kila tangi, na njia yake isizibwe na marobota.

MASWALI YA KUPELEKA KWENYE KAMATI

Wajumbe, kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya ununuzi, ulizeni haya:

1. Je, limepimwa tangi lenyewe?
2. Je, kitu kilichotumika kinavumilia joto na dawa iliyomo ndani?
3. Je, kitabeba kilo 150, na jaribio litafanywa mbele ya wajumbe?
4. Je, mtu mmoja anaweza kukifungua bila kuinamia mvuke na bila kuumia mgongo?
5. Je, mvuke una njia ya kutokea?
6. Je, nani atakikagua kila mwezi, na ataandika wapi?
7. Je, wanaofanya kazi kwenye tangi hilo, zamu ya mchana na ya usiku, wameulizwa?

Swali la saba ndilo kubwa kuliko yote. Ndugu wa kiwanda cha nguo walipata kifuniko chao baada ya kulijibu hilo. Watu wa zamu ya usiku ndio waliosema kwamba taa iko nyuma ya tangi, kwa hiyo bawaba zikiwekwa upande ule uliopendekezwa, kifuniko kikifunguliwa kitaweka kivuli na mtu hataona ukingo. Hakuna mhandisi aliyekuwa amelifikiria. Taa ilihamishwa, kifuniko kikafungwa, magunia ya mchanga yakapangwa juu yake mbele ya wote. Ndugu yetu mwenye kovu ndiye aliyepewa brashi na rangi nyekundu aandike lile neno.

Kila tawi likague matangi yake kabla ya mkutano ujao, na katibu alete orodha ya yaliyo wazi, yenye vifuniko vibovu, na yaliyo salama. Tangi likiwa na kifuniko kinachotikisika, asisubiriwe mtu wa pili wa kutuonyesha mguu.

Umoja ni nguvu.